Sura ya Tisa: Mashine Iliyokataa Salamu

Mtuhumiwa alikuwa amekalia kiti kibovu kuliko vyote kituoni, na bado alikuwa anakichambua.

"Afande, hiki kiti kina mguu mmoja mfupi kama ushahidi wenu. Nikianguka mtasema nilijaribu kutoroka."

Inspekta hakucheka. Alikuwa mwanamke ambaye kicheko chake kilitoka kwa nadra kama nyongeza ya mshahara, na wiki hii hakikuwa na dalili ya kutoka. Nje ya mlango, kwenye benchi la ukutani, alikaa mama mmoja na mfuko wa nguo safi mapajani. Kila askari aliyepita alimwambia, "Bado, mama," naye kila mara alijibu, "Haya, mwanangu," kana kwamba wao ndio wa kufarijiwa. Nguo zilikuwa za binti yake wa mwisho. Akipatikana, abadilishe.

Binti huyo wote walimwita Kitinda, kwa kuwa alikuwa kitindamimba. Alikuwa akiendesha nodi pamoja na shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Wiki iliyopita alitoka ofisini, akasema anarudi, hakurudi. Wala barua ya kudai fidia, wala maiti. Kilichokuwepo ni video moja iliyozunguka kwenye simu za watu: Kitinda na huyu bwana wa kiti kibovu, wamesimama mkutanoni mbele ya waendesha nodi wenzao, wanachambana. Kitinda kamwita bwana huyo jalala. Bwana kamjibu, "Iko siku nitakuzima wewe!" Tangu siku hiyo jina la Jalala likamganda, na tangu jana asubuhi pingu nazo zikamganda.

"Ulisema utamzima," Inspekta alisema.

"Nilisema. Wiki hiyo hiyo nilisema naacha sigara na naoa. Niangalie mdomo, niangalie kidole. Mimi ni mtu wa kusema, afande."

"Mligombania nini?"

"Mlango."

"Mlango gani?"

Jalala alijiweka sawa, kiti kikayumba. "Nodi ni mashine inayopokea miamala ya sarafu za mtandaoni na kuipitisha kwa nodi nyingine. Sasa mlangoni kwake kuna bawabu. Anaangalia: muamala huu umelipa ada? Unatoka kwa nani? Umebeba nini? Kila mwenye nodi anampangia bawabu wake vichujio anavyotaka mwenyewe, hakuna mkubwa wa kumwamrisha. Wangu ni kipofu, anapitisha yeyote. Wa Kitinda alikuwa na macho manne."

"Muamala unabeba nini zaidi ya pesa?"

"Maneno. Ni kama bahasha ya harusi: pesa ndani, na kikaratasi cha 'Mungu awabariki'. Wengine wanatia picha, wengine magazeti mazima. Kitinda alisema hayo ni matakataka, yanajaza njia. Akaruhusu vikaratasi vifupi tu. Mimi nikasema njia ni ya wote. Basi. Watu wanauana kwa ajili ya hilo?"

"Watu wanauana kwa ajili ya rimoti."

Jalala alisema kwa sauti iliyopungua utani, "Mmenihoji tangu jana nilikuwa wapi. Hakuna aliyeniuliza nimeona nini."

"Nakuuliza."

"Sisi waendesha nodi tuna kawaida yetu. Kila asubuhi kila mmoja humtumia mwenzake muamala mdogo wenye salamu ndani. Salamu zenyewe ni matusi, lakini ni salamu. Ndiyo namna ya kujua mashine ya jirani imeamka. Hata baada ya ule ugomvi, Kitinda hakukosa kunitukana hata siku moja, na mimi sikukosa kumjibu. Alipopotea zake zikakoma. Zangu nikaendelea kutuma. Mara ya kwanza mashine yake ikakataa. Nikasema labda ndefu. Kesho yake nikafupisha, ikakataa. Ikabidi nitume neno moja tu."

"Neno gani?"

"Afande, hapo nje kuna mama wa watu."

"Likakataliwa?"

"Likakataliwa. Nikajua amenichukia kweli kweli."

Inspekta aliweka kalamu chini. Kitinda hayupo, na mlango wa mashine yake umebanwa, ukabanwa tena, ukabanwa tena. Bawabu hajipangii kazi mwenyewe.

"Nani mwingine anaweza kubadilisha vichujio vile?"

"Shemeji yake. Ni wao wawili tu wenye nywila."

Jalada la kesi lilikuwa mezani. Inspekta hakuhitaji kulifungua. Maelezo ya Shemeji aliyakumbuka, kwa sababu yalikuwa mafupi na yamenyooka kama suruali yake. *Mimi ni mtu wa biashara, mashine siijui. Tangu apotee hakuna aliyeigusa.*

Alisimama. Koplo aliyekuwa mlangoni akauliza, "Afande, huyu nimfungue pingu?"

"Mwache nazo. Anakwenda kutusomea ile mashine, na anaandika kwa vidole, haandiki kwa viwiko."

*

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri vya magari, na harufu ya oili ilipanda ngazi pamoja nao. Kwenye meza ya mapokezi alikaa dada yake Kitinda, mke wa Shemeji, mwanamke ambaye macho yake yalikuwa yamevimba hadi kope zikakosa mahali pa kukaa. Simu ilikuwa ikilia. Aliipokea, akasema, "Tunashughulikia, tuvumilie," akaikata. Ikalia tena.

"Wenye maduka," aliwaambia bila kuulizwa. "Malipo yao yanapitia kwetu. Tangu asubuhi hayapiti. Mume wangu anasema mtandao." Kisha akamwona Jalala, akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Huyu mnamleta hapa kufanya nini?"

"Dada," Jalala alisema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno.

Shemeji alitoka ofisini kwake akinukia vizuri. Shati limepigwa pasi, mikono mbele. "Karibuni, karibuni. Mmempata?"

"Tunamtafuta bado," Inspekta alisema. "Nina swali dogo. Vichujio vya mashine vimebadilishwa tangu binti apotee. Nani kabadilisha?"

"Mimi hayo siyajui."

"Wenye nywila ni wawili."

Shemeji alifikiri kidogo, kisha uso ukafunguka kama wa mwanafunzi aliyekumbuka jibu. "Basi ni yeye mwenyewe. Huwa anafanya kazi hata akiwa mbali."

"Lini?"

"Nadhani... mwanzoni mwa wiki hii."

"Wiki hii?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mwanzoni mwa wiki hii alikuwa hai."

Simu ya mapokezi ililia, hakuna aliyeipokea. Dada mtu alikuwa amegeuka, anamtazama mumewe.

"Maana mimi," Inspekta aliendelea, "nina maelezo uliyoyatia sahihi, umesema kwa maoni yako ameshauawa, na kwamba familia ianze kujiandaa. Mkweo amekaa benchini kwangu na nguo za mwanawe. Nimwambie ipi, shemeji? Ile ya sahihi au hii ya sasa hivi?"

"Mimi... nimesema nadhani."

"Koplo, simama naye hapa. Asishike simu."

Mashine yenyewe ilikuwa kabati jeusi la chuma nyuma ya mlango wa kioo, halina makuu. Ungeipita ukidhani ni jokofu lililokosa mlango mzuri. Jalala aliketi mbele ya kibodi, mikono miwili imefungwa pamoja, akawa anadonoa herufi kama kuku wawili waliofungwa kamba moja. Nywila ilitolewa na Shemeji baada ya Inspekta kumwonyesha hati ya upekuzi na baada ya mkewe kumwambia, kwa sauti ya chini sana, "Wape."

"Haya ni mabadiliko," Jalala alisema. "Kiwango cha maneno kinachoruhusiwa kimepunguzwa. Kikapunguzwa tena. Mwishowe ni sifuri, hata herufi moja haipiti. Yote yamefanywa kutoka kwenye kibodi hii hii niliyoshika. Si mbali."

"Endelea."

"Na hiki hapa... lo." Aliinama karibu na skrini. "Kuna anwani za wezi. Wale waliokwapua akiba za chama cha wauguzi, unakumbuka? Kitinda alikuwa amezizuia zisipite kwake. Kuna mtu alikuwa anaondoa kizuizi mchana, malipo ya wezi yanapita, halafu anakirudisha. Kila mara ni saa ya chakula. Binti anakwenda kula, mlango unafunguliwa."

"Na siku aliyopotea?"

"Siku hiyo kizuizi kimerudishwa mapema. Nadhani hakwenda kula, akamkuta."

Inspekta hakuandika kitu. Sababu alikuwa nayo sasa, lakini sababu haimpi mtu pumzi. "Nitafutie alichokataa. Bawabu aliyembania mtu mlango, alikuwa anambania nani? Hakukubania wewe na matusi yako."

Vidole vilidonoa. Mistari ikapanda. Jalala akasema, "Ukiacha za kwangu, zote zinatoka kwa mtoto."

"Mtoto yupi?"

"Mashine ya akiba. Kila mwenye akili anaweka ya pili mahali pengine, ofisi ikiungua kazi isife. Tunaiita mtoto, na hii hapa ndiyo mama. Mtoto hapewi mtandao wa kuzurura. Haifungui tovuti, haitumi barua, haipigi simu. Inapewa njia moja tu, ya kuongea na mama, na njia yenyewe ni ya kificho, hata kampuni ya simu haioni inakotoka. Mahali ilipo wanajua watu wawili, ili mwizi asipate wa kumbana."

Inspekta alitoka hadi mapokezi. "Mashine ya akiba iko wapi?"

"Tuliiuza," Shemeji alisema. "Mwaka jana."

"Mashine mliyoiuza mwaka jana imekuwa ikibisha hodi hapa wiki nzima."

Shati lile la pasi lilianza kulowa kwapani.

Aliporudi ndani, Jalala alikuwa akisoma bila kuombwa, kama anayesoma majina ya marehemu. "Muamala wa kwanza ni mrefu, ukurasa mzima. Maneno yenyewe sina, afande, bawabu akikataa hatunzi barua, anaandika urefu na sababu tu. Umekataliwa na kanuni ya Kitinda mwenyewe, kabla hakijabadilishwa chochote. Alikuwa na hofu, akaandika kila kitu, akasahau mlango aliujenga yeye." Alikohoa. "Akafupisha. Lakini Shemeji alikuwa ameshauona ule wa kwanza, kapunguza. Akafupisha tena. Kapunguza tena. Angalia zinavyopungua. Hapa ilikuwa sentensi. Hapa labda maneno mawili. Hapa ni herufi chache, labda jina la mtaa."

"Mbona asimkatie laini kabisa?"

"Kitinda aliwasuka pamoja. Mama asipomwona mtoto, naye anajifunga. Mwizi akiiba moja, nyingine haimfai. Akimkata mtoto, maduka yote yanakwama na watu wanaanza kuuliza."

Wote wawili walisikia simu ya mapokezi ikilia tena.

"Maduka yamekwama tangu asubuhi," Inspekta alisema polepole. "Kwa hiyo mtoto amezimika. Hebu soma za mwisho kabla hajazimika."

"Za mwisho zimepita. Hazina neno ndani, ni malipo matupu, na malipo matupu huwezi kuyafungia, ndiyo biashara yenyewe. Amejilipa mwenyewe. Mara kumi." Jalala akakunja uso. "Viwango vinafanana, ila mkiani, kwenye tarakimu za mwisho. Mkia mmoja ni mbili, mwingine nne, mwingine kumi, mwingine moja..."

"Kuna mkia unaozidi kumi?"

"Hakuna."

"Kuna wa sifuri?"

"Hakuna sifuri. Oh." Jalala alimtazama. "Kumi ndiyo sifuri."

Waliziandika kwenye kiganja cha Inspekta, maana karatasi ilikuwa mbali. Jalala akasema ni namba ya simu. Inspekta akasema simu haianzi na mbili. Jalala akasema ni vipimo vya mahali kwenye ramani. Inspekta akasema basi binti yuko katikati ya bahari anaelea. Kisha Inspekta akazitazama zile nne za mwanzo, akahisi anazijua kama anavyojua uso wa jirani mbaya. Kila mwisho wa wiki alikuwa akizibonyeza kwenye simu yake, watoto wakipiga kelele gizani.

"Mita ya umeme," alisema. "Yangu ya nyumbani inaanza hivi hivi. Ametutumia kitu pekee chumbani kilichoandikwa namba."

"Lakini mita zina tarakimu kumi na moja."

"Umeme ulikatika kabla hajaituma ya mwisho."

Alipiga simu ofisi ya umeme, akaweka sauti wazi. Karani alijitambulisha kwa cheo, akaomba namba, akaambiwa moja haipo. Hakushangaa.

"Si neno, afande. Ya mwisho ni ya kuhakiki tu, inatokana na zile kumi. Kompyuta itaikokotoa." Kibodi ikasikika upande wa pili. "Ipo. Ni ghala, nyuma ya kiwanda cha matofali, mlango wa tatu. Matumizi yake ni sawasawa mchana kutwa na usiku kucha, kama kuna kitu hakilali. Leo alfajiri salio limekwisha. Mita imesajiliwa kwa jina la mwanamke." Akalitaja.

Kutoka mlangoni sauti ikasema, "Hilo ni langu."

Dada mtu alikuwa amesimama hapo, sijui tangu lini. Hakumwangalia Inspekta. Aligeuka akarudi mapokezi, akasimama mbele ya mumewe karibu kiasi cha kuweza kumfunga kifungo cha shati, kama alivyomfunga asubuhi hiyo.

"Kitambulisho changu ulisema ni cha bima."

"Mke wangu, sikiliza..."

"Mdogo wangu yuko humo?"

"Sikumgusa! Haki ya Mungu, hata kidole sikumgusa. Nilifunga mlango tu."

"Na umeme?" Inspekta aliuliza, amewafuata na simu mkononi. "Uliona unakwisha, ukaacha?"

"Nilikuwa natafuta namna ya kumfungulia."

"Namna ni ufunguo."

"Kila siku ilizidi kuwa ngumu! Ningemfungulia leo angesema jana. Ningemfungulia jana angesema juzi." Alikuwa analia sasa, na machozi yake yalikuwa ya kweli, jambo ambalo lilimchefua Inspekta kuliko uongo wote aliousikia siku ile. "Ufunguo niliutupa. Chumba hakina dirisha. Sikutaka kusikia."

Mkewe hakumpiga. Alimwacha akilia na koplo, akachukua simu yake mezani. Akakosea namba ya siri, akakosea tena. "Mita hizi mpya," alimuuliza karani aliyekuwa bado hewani, "nikinunua umeme unaingia wenyewe?"

"Unaingia wenyewe, mama. Kama mita ni nzima."

"Nisomee hiyo tarakimu ya mwisho."

Akasomewa, na zile kumi akazinakili kutoka kiganjani mwa Inspekta. Akanunua umeme wa kuwasha mtaa.

*

Jalala alibaki na mashine, pingu zimefunguliwa, na askari mmoja aliyekuja nao akimlinda Shemeji. Inspekta alichukua gari na koplo, mkasi wa kukatia chuma ukigongagonga chini ya viti, dada mtu nyuma akishika kiti cha mbele kwa mikono miwili kama anayelisukuma gari lenyewe.

Ghala lilikuwa na mlango wa bati nene na kufuli la ukubwa wa ngumi ya mtoto. Jua la mchana lilikuwa limelipasha bati hadi mtu asingeweza kuliwekea kiganja. Lakini ndani, ukitega sikio, kulikuwa na mvumo, kama mzinga wa nyuki. Feni za mashine.

"Imeamka," Inspekta alisema kwenye simu.

"Naona," Jalala alijibu. "Mtoto kaunganika, na mama kafungua mlango. Afande, nimeondoa vichujio vyote. Vyote! Sasa hivi ni jalala kama langu. Na mama humtangazia mtoto anachokubali, kwa hiyo akitazama skrini ataona. Anaweza kuandika gazeti zima na litapita."

"Kitinda!" dada mtu aliita, ngumi kwenye bati. "Kitinda, ni mimi! Nijibu, mdogo wangu!"

Mvumo tu.

Koplo aliingiza mdomo wa mkasi kwenye kufuli, akabana. Chuma kikalia, hakikukatika. Akabana tena. Jasho lilimdondoka kwenye pua.

"Kuna kitu?" Inspekta aliuliza kwenye simu.

"Hakuna."

"Angalia tena."

"Nimekodoa, afande. Hakuna. Mashine imeamka. Mtu ndiye sijui."

Dada mtu alikuwa ameacha kuita. Ameweka paji la uso kwenye bati lile la moto na halitoi. Inspekta alitaka kumvuta, akaona hana haki hiyo. Mkasi uliteleza, koplo akatukana, akauweka upya.

"Imeingia moja," Jalala alisema.

"Namba?"

"Hapana. Ina maneno... ina neno. Moja."

"Soma."

Jalala, mtu wa kusema, alichukua muda. Mlango ulikuwa wazi kwa ukurasa, kwa jina la aliyemfungia, kwa salamu ya mama yake, kwa matusi ya wiki nzima aliyokuwa hajayajibu.

"Maji," alisema. "Ameandika maji."

Dada mtu alishasikia. Alikuwa anakimbia kuelekea kwenye gari, kiatu kimoja kimebaki vumbini, anafungua mlango huu na ule, anauliza kwa sauti isiyo yake kama askari hawa hawana hata chupa moja, hata ya jana, hata ya kuwekea injini. Inspekta alitupa simu chini, akashika mpini wa pili wa mkasi, akabana pamoja na koplo. Kufuli lilikuwa bado halijakatika.